Uzi Usio na Sura wala Mstari

Jumatatu asubuhi Romian alipiga hodi akiwa na kipande cha karatasi na penseli. Nai Binsar alikuwa sakafuni, miguu ameinyoosha, ubao wa kufumia umembana mgongoni, shali ya ulos, vazi letu la heshima, imefika nusu. Akaitikia karibu kwa uchangamfu wote, maskini, hajui anakaribisha nini.

"Sikai, Mama mkubwa," Romian akasema pale pale mlangoni. "Fundi wa msalaba wa kaburi anataka maneno kabla ya Ijumaa. Nimefuata ule mstari ulioniambia siku ile."

"Upi?"

"Hakuna uzi mfupi mkononi mwa Bwana." Aliyasema polepole, neno moja moja, asije akaliangusha hata moja. "Fundi anataka aandike na sura yake na mstari wake. Bila namba, watu watasema tumejitungia."

"Ni Zaburi hiyo."

"Zaburi ya ngapi?"

Nai Binsar aliacha kufuma. Zaburi ya ngapi? Maneno yale alikuwa nayo tangu hajang'oka meno ya utoto. Aliyasema kwenye jeneza la mumewe, akayasema kwa wagonjwa na kwa wafiwa. Namba hakuwahi kuulizwa.

"Nitakuletea," akasema. "Zaburi ziko mia na hamsini, mwanangu, na kichwa hiki ni kimoja."

"Na bado unataka kuwa sintua kanisani!" Romian akamtania, akatabasamu. Lilikuwa tabasamu lake la kwanza kwa wiki tatu. Akakunja karatasi yake, akaenda zake na mwendo mwepesi kidogo. Tabasamu lile likamkaa Nai Binsar rohoni kama mwiba wa samaki kooni, na halikumtoka siku zote tatu zilizofuata.

Nje ya kijiji chetu cha kando ya ziwa huyu Nai Binsar hajulikani, na hata humu ndani wengi wanamjua kwa shali zake tu. Jina lake la usichana ni Dumasi, wa ukoo wa Sianipar. Lakini kwetu mwanamke akishazaa, na mtoto akapewa jina kanisani, jina la usichana linawekwa kando. Akawa Nai Binsar, mama wa Binsar, na Binsar mwenyewe yuko mjini Medan anaendesha lori. Mume alifariki zamani. Tangu hapo kazi yake ni uzi asubuhi mpaka jioni, shali za harusi na shali za msiba. Shule aliishia darasa la sita, ila kusoma anasoma, tena kwa kidole na kwa sauti, na akisoma jambo halimtoki.

Miaka miwili kabla ya haya, mwanzoni mwa miaka ya themanini, wanawake wa kijiji walimchagua asomee usintua, yaani uzee wa kanisa. Hakuwahi kuwako mwanamke sintua kanisani kwetu. Basi kila Alhamisi saa kumi, miaka miwili mizima, akawa anaingia kwenye kile chumba kidogo nyuma ya kanisa kukaa na wazee kumi na wawili wa kiume, Vitabu magotini, wanasoma neno la Jumapili ijayo na kulipekua mstari kwa mstari. Sheria ya chumba kile ni moja: husemi kitu usichoweza kukionyesha kwa kidole Kitabuni. Mlinzi wa sheria hiyo alikuwa Sintua Kores, mzee mrefu, mkavu, asiye na mzaha. Ukisema chochote, hata ukisema Mungu ni mwema, atakukodolea macho akuulize, "Sura ngapi? Mstari wa ngapi?" Watoto walimwita Baba Sura-Ngapi, naye alijua, na nadhani alipendezwa.

Sasa miaka miwili ilikuwa imefika ukingoni. Alhamisi ya wiki ile Nai Binsar ndiye angefundisha, wazee wamsikilize na kumhoji. Jumapili angewekewa mikono. Lakini nisikudanganye, wiki ile hakuwa akihangaika kwa ajili ya mtihani. Alikuwa anahangaika kwa ajili ya Romian.

Romian ni mke wa Togar, na Togar ni mtoto wa mdogo wake marehemu mumewe. Walikuwa wamepata mtoto wao wa kwanza, wa kiume. Jina walishamchagulia, Saur, maana yake atimize siku zake, aote mvi. Jina hilo lingetajwa kwa mara ya kwanza kwenye ubatizo, na siku hiyo Romian naye angeacha kuwa Romian, awe Nai Saur. Mtoto akashikwa na homa, kisha degedege, siku ya sita. Mvua imekata barabara, gari hakuna. Nai Binsar alikuwapo. Beseni la maji lilikuwa mezani, maji safi, ya vuguvugu.

"Mbatize wewe!" mama yake Togar akapiga kelele. "Si ndiyo unayosomea kila Alhamisi? Mbatize!"

"Mimi bado," Nai Binsar akasema. "Sijawekewa mikono. Togar, kimbia kwa Sintua Kores, kimbia!"

Togar akakimbia. Kutoka pale hadi kwa Kores, mtu mzima anafika kabla chai haijapoa. Lakini Kores alipotokea, amevaa koti lake jeusi la kanisani, vifungo vyote vimefungwa, anahema, mtoto alikuwa ameshakata roho. Hakubatizwa, kwa hiyo kengele haikupigwa. Akazikwa bila jina, na Romian akabaki kuitwa Romian. Jioni hiyo ndipo Nai Binsar alipomshika mkono yule binti na kumwambia: Hakuna uzi mfupi mkononi mwa Bwana. Imeandikwa, mwanangu. Na Romian, aliyekuwa amegoma kula, akala.

Haya sasa. Imeandikwa wapi?

Jumatatu yote hakugusa shali. Alianza Zaburi ya kwanza, kidole juu ya mstari, akaenda nazo mpaka jua likainamia ziwani. Jumanne akamaliza zilizobaki. Hakuna. Wali ukaungua chunguni hata jirani yake akachungulia juu ya ua.

"Wifi! Unasoma mpaka kuku wanamaliza mpunga wako! Mtihani huo wa usintua au wa uaskofu?"

"Wifi yangu, hebu nikumbushe. Ule mstari wa uzi mkononi mwa Bwana uko wapi vile?"

"Zaburi, bila shaka. Babu yako si alikuwa anausoma kila Jumapili?" Akafikiri. "Au Isaya. Ala! Mwenye mtihani ni wewe, unaniuliza mimi muuza samaki?"

Akaenda Isaya. Na huko akaukuta uzi kweli, moyo ukaruka. Kumbe ni mfalme Hezekia mgonjwa analia kwamba maisha yake yamekunjwa kama nguo ya mfumaji, na Mungu anamkata kutoka kwenye uzi. Akaenda kwa Ayubu, akakuta siku zinapita upesi kuliko chombo cha mfumaji, tena zinakwisha bila tumaini. Loh! Kila uzi alioukuta mle ndani ulikuwa wa kukatwa. Nai Binsar akafunga Kitabu.

Maana alianza kujua. Mtu huanza kujua kabla hajakubali. Alimkumbuka babu yake, Sintua Laban, amesimama mbele ya kanisa la mbao, Kitabu kimefunguliwa mikononi. Kila Jumapili, kabla hajaanza kusoma, aliinua uso akasema: Hakuna uzi mfupi mkononi mwa Bwana. Kisha macho yakashuka kwenye ukurasa, akasoma. Kabla hajaanza kusoma. Watu walisikia sauti moja, waliona Kitabu kimoja kimefunguliwa. Nani angejua Kitabu kinaanzia wapi?

Jumatano alipanda mlima kwenda kwa shangazi yake Tio, binti wa mwisho wa yule babu, kikongwe anayekaribia miaka tisini, kinywa chekundu kwa tambuu. Alimsalimia, akampa mikate ya mchele, akavumilia habari za magoti na za wakwe. Kisha akauliza.

Shangazi alicheka mpaka akakohoa. "Uzi? Hilo ni la mama! Bibi yako. Alilisema kila uzi ukimkatikia kwenye mtande, anaufunga fundo huku anasema. Baba alimwibia. Mama alimwambia, wee mzee, unasimama madhabahuni na maneno yangu, hata asante hakuna!"

"Kwa hiyo haimo Kitabuni, shangazi?"

"Kitabuni? Mama hakujua hata kusoma."

Njia ya kurudi ni ya mteremko, lakini Nai Binsar aliiona ndefu kuliko ya kupanda. Hofu ilimjia kwa mafungu. Kwanza: nimemwambia mfiwa uongo, nikautia muhuri wa Mungu. Kisha: nikimwambia ukweli, ataacha kula tena. Na baadaye, karibu na shamba la kahawa, shetani akaja na sauti ya upole kabisa. Si uandike namba yoyote tu, Nai Binsar? Weka ile Zaburi ya mia na thelathini na tisa, inayosema siku za mtu ziliandikwa kabla hazijawa. Iko karibu karibu. Romian hatafungua kuhakiki, atafurahi, fundi atachonga, yamekwisha.

Akasimama njiani. Na kweli akatoa penseli, akaandika namba ile kwenye kiganja chake. Akaitazama. Akafikiria nyasi zitamea kaburini pale, mvua itanyesha miaka na miaka, na ile namba itakuwa imesimama inaelekeza mahali pasipo na maneno yale. Akatema mate kiganjani akaifuta, akafika nyumbani na mkono mweusi.

Alhamisi saa kumi chumba kilijaa. Kahawa ilikuwa mezani, mikate ya mchele imefungwa majanini, wazee kumi na wawili wameketi kufuata umri, na Mchungaji Maruhum, kijana mwenye pikipiki na mafua yasiyoisha, ameketi mwisho. Nai Binsar alisimama.

"Baba zangu, kabla sijafundisha nina swali. Huu mstari uko wapi: Hakuna uzi mfupi mkononi mwa Bwana?"

"Zaburi!" wakasema watatu kwa pamoja.

"Zaburi gani? Ni Mithali hiyo," akasema mwingine.

"Ala! Mithali! Ni Isaya, nimeuhubiri mwenyewe mwaka wa mafuriko."

"Mwaka wa mafuriko hukuhubiri, shemeji, ulikuwa umelewa!"

Kurasa zikaanza kupekuliwa, miwani ikahamishwa kutoka pua hadi pua, mmoja akaenda hadi Ufunuo. Sintua Kores peke yake hakufungua kitu. Aliwaacha wapekue.

"Sura ngapi?" akauliza hatimaye. "Mstari wa ngapi?"

Kurasa zikanyamaza moja baada ya nyingine.

"Haumo," Nai Binsar akasema. "Nimetafuta siku tatu. Ni maneno ya bibi yangu, alikuwa anayasema akifunga uzi uliokatika. Na mimi nimemwambia Romian imeandikwa. Kesho fundi anachonga."

"Lakini ni neno zuri," mzee mmoja akanung'unika.

"Neno zuri!" Kores akang'aka. "Kilabu cha tembo kimejaa maneno mazuri. Mama yule atasimama juu ya neno gani siku akiulizwa?" Akamgeukia Nai Binsar. "Siku ile, maji yalikuwapo?"

Hili ndilo swali alilokuwa analiogopa kuliko yote, na alikuwa amejidanganya kwamba halitaulizwa.

"Yalikuwapo, baba."

"Na wewe ulikuwapo."

"Nilikuwapo."

"Kwa nini hukubatiza?"

"Sijawekewa mikono. Niliogopa kuvunja sheria ya kanisa."

Mchungaji Maruhum alikohoa, akaweka kikombe chini. "Mama," akasema taratibu, macho hayamtazami. "Mtoto akiwa anakufa, Mkristo yeyote anaweza. Yeyote. Kumbe hatukukufundisha?"

Nai Binsar alishika ukingo wa meza. Hakuna aliyemfundisha. Alhamisi zaidi ya mia walizokaa mle, na hakuna aliyemfundisha! Alitaka kulia, alitaka kuwatukana, akashindwa vyote viwili. Aliliona beseni lile, mvuke unapanda kidogo, umbali wa mkono.

Ndipo Sintua Kores akasimama. Haikuwa zamu yake, wala hakuna aliyemwita.

"Togar alinikuta bandani," akasema. "Nina shati la tope. Nikajiambia, kazi takatifu na shati la tope, haiwezekani. Koti lilikuwa kashani. Ufunguo wa kasha anao mke wangu, na mke wangu alikuwa kisimani." Mkono ulipapasa kifungo cha koti lile lile. "Nilimsubiri arudi na ndoo. Wiki tatu sasa najiuliza. Koti limeandikwa wapi? Sura ngapi?"

Kahawa ikapoa. Tulizoea kumwona Kores akiwa jabali, na aliyekuwa amesimama pale ni mzee wa miaka sabini ambaye kidevu kinamcheza. Akaketi. Kisha, kwa sauti yake ile ile ya ukali, ila ndogo zaidi, akasema, "Basi fundisha, mama. La bibi yako tumelisikia. Imeandikwa nini?"

Nai Binsar hakuwa amelala na jibu. Alikuwa na kidole tu, na siku tatu za kupekua Kitabu chote akitafuta kitu kingine. Lakini mfumaji akipekua uzi mmoja, nyuzi za jirani nazo humpitia mkononi. Alifungua Samweli wa Pili, sura ya kumi na mbili.

"Hapa," akasema, "kuna mfalme Daudi, na mtoto wake mchanga anaumwa. Daudi anafunga, analala chini, hali. Mtoto anakufa. Baba Kores, nisomee wewe, alikufa siku ya ngapi?"

Kores akasogeza miwani. "Mstari wa kumi na nane. Siku ya saba."

"Na alama ya agano, ile tohara ya watoto wa kiume wa Israeli, iliwekwa siku ya ngapi?"

"Ya nane. Mwanzo, kumi na saba, mstari wa kumi na..." Kores akakatika katikati. Akatazama juu.

"Mimi kazi yangu ni kuhesabu," Nai Binsar akasema. "Nikikosea uzi mmoja, shali nzima imeharibika. Saba haijafika nane. Mtoto yule alikufa bila alama, kama wa Romian alivyokufa bila maji. Na baba yake akasema yeye ndiye atakayemwendea mtoto, mtoto hatamrudia. Mstari wa ishirini na tatu."

Wazee wakainama kwenye Vitabu vyao. Safari hii zilisikika kurasa tu.

"Daudi alimaanisha kaburi," Kores akasema. Hakuwa mtu wa kukuachia hivi hivi, hata siku ile. "Kwamba naye atakufa, atazikwa. Si zaidi."

"Mbona aliinuka, baba? Soma mstari wa ishirini. Alioga, akabadili nguo, akaingia nyumbani mwa Bwana akaabudu, kisha akaomba chakula. Watumishi wake wakashangaa. Mtu anayekwenda shimoni tu ataomba chakula cha nini?"

Kores alisoma, midomo inachezacheza. Alirudia. "Aliingia kwanza nyumbani mwa Bwana," akasema peke yake. "Kisha ndipo akala." Akarudisha ukurasa mmoja nyuma. "Mtoto yule alikufa kwa kosa la baba yake. Utamwambia Romian hilo nalo?"

"Nitamwambia lote lililomo. Nimeshachoka na nusu."

"Sijakubali kwamba mstari huu unabeba yote unayoubebesha," Kores akasema. "Ila umesoma." Akafunga Kitabu. "Ya Jumapili tutayazungumza baadaye. Nenda kwanza kwa yule mama. Na usimwambie Kores alichelewa kwa sababu ya mvua. Mwambie koti."

Hakungoja mikate. Jua lilikuwa bado juu ya vilima aliposhika njia, na kila hatua miguu ilimwambia rudi. Mchungaji ana kanisa lake, wazee wana sheria. Romian ana nini? Romian ana maneno sita tu yanayomlisha, na yeye Nai Binsar anakwenda kumpokonya.

Alimkuta uani, anapepeta mchele. Romian alimwona akaweka ungo chini, akapangusa mikono, akaitoa karatasi kifuani. Alikuwa anatembea nayo siku zote hizo.

"Zaburi ya ngapi, Mama mkubwa?"

"Haimo, mwanangu."

"Umekosa tu. Tafuta tena."

"Nimetafuta kote. Ni maneno ya bibi yangu mfumaji. Nilidhani ni ya Kitabu, tangu utoto nilidhani hivyo. Nilikudanganya bila kujua, na leo ninajua."

Romian akaikunja karatasi. "Kwa hiyo wiki tatu," akasema, "nimekuwa nikilala juu ya methali ya bibi yako."

"Ndiyo."

"Huna haya!" Akalitupa lile neno kama jiwe. "Wazee wasingejua, ungesema? Au mmekutana huko mkaona mnichekee?"

"Kuna jingine. Keti."

"Siketi!"

Basi akamwambia akiwa amesimama. Akamwambia maji, akamwambia kwamba Mkristo yeyote angeweza, na kwamba yeye alikuwa umbali wa mkono. Akamwambia koti, kasha, ufunguo, ndoo. Hakujitetea kwamba hakufundishwa. Romian alisikiliza bila kupepesa, kisha akaketi chini kwenye makapi ya mchele. Alilia kilio kisicho na sauti. Nai Binsar hakuthubutu kumgusa. Alisimama na Kitabu chake kwapani, akingoja kufukuzwa.

"Yale maji sitayasahau," Romian akasema mwishowe. "Usinitazamie niyasahau."

"Sikutazamii."

"Sasa nimwandikie nini mwanangu?"

Nai Binsar akachuchumaa, akafungua Kitabu kwenye makapi yale, akaweka kidole chini ya mstari ili Romian asome kwa macho yake. Alimwambia habari za mfalme, hata kosa la mfalme, hata lile ambalo Kores hakukubali. Alimwonyesha alipooga na alipoomba chakula. Alimwambia pale asipojua kwamba hajui.

Romian alisoma mwenyewe, mara mbili, kwa sauti ya chini. Kidole chake kikarudi nyuma kidogo, kikasimama.

"Siku ya saba?"

"Ya saba. Alama ilikuwa ya nane."

"Wangu alikuwa na sita." Akahesabu kwa vidole, Jumapili mpaka Ijumaa, akabaki ameushika ule wa sita. Kwetu watu wakikutana mahali, hata ugenini, hawatulii mpaka wajue nani ni nani kwa nani, nani mkubwa na nani mdogo. "Sita," akarudia. "Basi yule wa mfalme ndiye kaka."

"Ndiye kaka, kwa siku moja."

"Atamwangalia?"

Nai Binsar alikumbuka sheria ya kile chumba. Alilitafuta jibu lenye sura na mstari, na hakulipata.

"Hilo halijaandikwa," akasema. "Ila kaka ni kaka, Nai Saur."

Yule binti akainua uso. Hakuna mtu aliyewahi kumwita hivyo. Jirani mmoja aliyekuwa akipita na mzigo wa kuni alisimama njiani, akasikia, akainamisha kichwa, akaendelea na safari yake.

Makapi yalikuwa yamemganda mashavuni. Akayapangusa kwa mkono wa blauzi. Kisha akaikunjua karatasi juu ya goti, akailamba ncha ya penseli.

"Haya, sema namba," akasema Nai Saur. "Sema polepole."